Kutafuta virusi vipya katika ndege wa porini

Vaa glovu na barakoa kwanza. Mshike bata kwa mikono miwili, mabawa yabanwe mwilini, kichwa kifunikwe kwa kitambaa chepesi. Gizani hutulia, utausikia moyo wake ukidunda kiganjani. Pangusa koo na kloaka (tundu la kutolea kinyesi) kwa kijiti cha sampuli, umwachie upesi. Chupa za sampuli ziwekwe kwenye barafu papo hapo: niliwahi kupoteza sampuli za siku nzima kwa barafu kuyeyuka, na bado inaniuma.

Maabarani, toa RNA (molekuli inayobeba taarifa za kijeni za virusi kama korona), soma mfuatano wake, ulinganishe na GenBank, hifadhidata ya umma ya mifuatano ya kijeni. Hapa usiharakishe. Kwa virusi vya korona, sehemu maalumu za protini za kujinakili zikifanana na za spishi zote zinazojulikana kwa chini ya asilimia 90, huenda umepata spishi mpya. Andika pendekezo, uamuzi ni wa ICTV, kamati ya kimataifa ya uainishaji wa virusi.