Namna ya Kuhakiki Toleo la Diski la Tamthilia Kongwe ya Bunilizi ya Kisayansi

Mtu anayefikiria kununua diski za tamthilia ya bunilizi ya kisayansi iliyorushwa miaka arobaini au sitini iliyopita, kwa kawaida ameshaitazama. Anawajua wahusika kwa majina, anakumbuka nani alikufa katika msimu upi, na pengine ana kanda au diski za zamani kabatini. Uhakiki unaomsimulia hadithi upya humpotezea muda. Anachotaka kujua ni jinsi kazi ilivyofanywa tangu picha zilipotolewa katika ghala la studio hadi zilipofika kwenye runinga ya nyumbani, na kama kazi hiyo inatosha kumfanya alipie tena kitu alichokwisha kukinunua. Mhakiki akilishika swali hilo hatapotea njia hata tamthilia yenyewe ikiwa mbovu, kwa kuwa tamthilia mbovu huweza kupata toleo safi kabisa, na nzuri nazo zimeshaharibiwa mara nyingi.

Kabla ya kuweka diski ya kwanza kwenye mashine, tafuta kujua tamthilia ilirekodiwa kwa kitu gani. Hatua hii huonekana kama ya mtaalamu, lakini bila hiyo kila utakachosema kuhusu picha kitakuwa cha kubahatisha. Tamthilia iliyopigwa kwa filamu ya milimita 35 ina maelezo mengi kuliko runinga za enzi zake zilivyoweza kuonyesha. Star Trek ya kwanza, iliyorushwa na kituo cha runinga cha Marekani NBC kuanzia 1966 hadi 1969 katika vipindi 79, ni ya namna hiyo, na ndiyo maana toleo lake la Blu-ray linaweza kukuonyesha mshono wa shati la nahodha ambao watazamaji wa kwanza hawakupata kuuona. Tamthilia iliyorekodiwa kwa kanda ya video ni habari nyingine. Ubora wake ulipata mpaka siku ileile ya kurekodiwa, na hakuna mashine itakayotoa ndani ya kanda kitu ambacho kamera haikukiingiza.

Kati ya hizo mbili kuna mseto, na mseto ndio huwanasa wahakiki. Star Trek: The Next Generation, ya 1987 hadi 1994, ilipigwa kwa filamu, lakini uhariri na madoido (picha za kubuni, kama za vyombo vya anga) vikamalizikia kwenye kanda ya video. Ili kuipata katika ubora wa juu, ilibidi watengenezaji warudi kwenye makasha ya negativi, yaani filamu za asili zilizopita ndani ya kamera, wazisome upya kwa mashine, wakate kila tukio kwa kuufuata uhariri wa zamani, kisha waunganishe tena picha za vyombo vya anga tabaka kwa tabaka. Misimu saba ilitoka kwenye Blu-ray kati ya 2012 na 2014. Deep Space Nine na Voyager, tamthilia nyingine za Star Trek zilizotengenezwa kwa utaratibu unaofanana na huo, hazikufanyiwa kazi ya namna hiyo. Kwa hiyo mhakiki anayelalamika kwamba DVD za Voyager hazing'ai kama Blu-ray za mtangulizi wake analinganisha vitu viwili vyenye historia tofauti, na msomaji aambiwe hivyo.

Niliwahi kuteleza mahali hapa mimi mwenyewe. Katika uhakiki wangu wa mwanzo kabisa niliandika kwa ukali kwamba vipindi kadhaa vya msimu wa pili wa The Twilight Zone vina picha bapa, yenye mwanga mkali na isiyo na kina, na nikautupia lawama uchapaji wa diski. Baadaye nikajifunza kwamba vipindi sita vya msimu huo, kati ya vyote 156 vya tamthilia hiyo, vilirekodiwa kwa kanda ya video badala ya filamu ili kupunguza gharama. Vilionekana hivyo tangu siku vilipotengenezwa. Diski ilikuwa imefanya uaminifu, na mimi ndiye niliyekuwa sijasoma.

Doctor Who ya zamani inahitaji subira ya pekee. BBC, iliyoanza kuirusha tarehe 23 Novemba 1963, ilifuta kanda zake nyingi, na vipindi zaidi ya 90 vya miaka ya 1960 havijulikani viliko. Vingi vilivyosalia vilisalia kama nakala za filamu nyeusi na nyeupe ya milimita 16, zilizotengenezwa kwa kuielekeza kamera kwenye kioo cha runinga ili vipindi viuzwe nchi za nje. Katika zoezi hilo ule mwendo laini wa video, wenye nusu-picha 50 kwa sekunde, ulipotea na kuwa fremu 25, yaani picha nzima 25 kwa sekunde. Mbinu iitwayo VidFIRE huurudisha mwendo huo kwa kukadiria kilichokuwa katikati ya fremu na fremu. Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba katika baadhi ya nakala za vipindi vya miaka ya 1970 mawimbi ya rangi yaliacha vidoa vidogo juu ya picha isiyo na rangi, na wataalamu wakafaulu kuirudisha rangi kwa kuvisoma vidoa hivyo. Kipindi cha tatu cha Planet of the Daleks, mojawapo ya hadithi za Doctor Who, kimefaidika na mbinu hiyo.

Ukihakiki toleo la aina hii, usilipime kwa kipimo cha picha peke yake. Jiulize kama mwendo unafanana na wa studio au unasitasita, hasa pale mtu anapopita mbele ya kamera kwa kasi. Pale kipindi kilipopotea na kujaziwa kwa katuni iliyowekwa juu ya sauti ambayo mashabiki waliirekodi majumbani mwao, tazama kama midomo inaifuata sauti, kama wachoraji walizitumia picha mnato zilizopo, na kama diski inamweleza mtazamaji ni lipi lililo la asili na ni lipi la kubuniwa. Kwa maoni yangu, kukosekana kwa maelezo hayo ni dosari kubwa kuliko mikwaruzo kumi.

Sasa rekebisha runinga yako. Zima kipengele cha kulainisha mwendo, kwa sababu hukifanya kila kilichopigwa kwa filamu kionekane kama taarifa ya habari. Chagua hali ya sinema, na urudishe kipimo cha ukali wa picha mahali ambapo runinga haiongezi chochote. Wapo wahakiki wanaolaumu diski kwa makosa ya rimoti yao.

Chagua fremu chache utakazozisimamisha, na uzichague kwa sababu. Fremu ya kwanza iwe uso uliopigwa kwa karibu katika mwanga wa wastani. Sogea hata uwe hatua moja mbele ya kioo na utazame paji la uso. Kwenye tamthilia ya filamu iliyotunzwa vizuri utaona chembechembe ndogo zinazotembea juu ya ngozi mara unapoiruhusu picha iendelee. Hizo si uchafu, ni filamu yenyewe, na vinyweleo na mikunjo ya ngozi vimo ndani yake. Ikiwa paji ni laini kama nta na nyusi zimekuwa doa moja, kuna mtu aliyezisugua chembe hizo kwa programu akaondoka na ngozi. Kisha tazama ukingo wa bega mbele ya ukuta mweupe. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa ukilizunguka bega, picha imeongezewa ukali wa bandia, mara nyingi ili kuficha ulaini ulioletwa na usuguaji wa kwanza.

Fremu ya pili iwe ya anga lenye nyota, na hapa bunilizi ya kisayansi ina mtihani ambao tamthilia za polisi hazina. Programu ya kuondoa vumbi hutafuta nukta nyeupe zinazojitokeza kwenye fremu moja na kutoweka kwenye inayofuata. Nyota ndogo zinazopita kasi nyuma ya chombo, na cheche za silaha, zina tabia hiyohiyo, na programu iliyoachwa bila msimamizi inaweza kuzifuta. Linganisha na toleo la zamani, hata kama ni DVD yenye ukungu: ikiwa anga la zamani lina nyota nyingi kuliko jipya, umepata habari ya kumwambia msomaji. Papo hapo tazama giza lenyewe. Likigawanyika katika miraba inayotikisika, au likawa na ngazi za kijivu mahali panapotakiwa kufifia taratibu, data imebanwa kupita kiasi. Hesabu basi vipindi vilivyomo kwenye diski moja. DVD yenye matabaka mawili hubeba gigabaiti 8.5, na vipindi vinne vya dakika 50 huenea bila shida, lakini vikipita hapo, moshi na ukungu wa sayari za mbali ndivyo vinavyoanza kuumia.

Umbo la picha nalo ni chanzo cha ugomvi wa siku nyingi. Tamthilia zilizotangulia miaka ya 1990 karibu zote zilipangwa kwa uwiano wa 4:3 (upana kwa urefu wa kwenda juu), na kuzijaza kwenye runinga ya 16:9 maana yake ni kukata juu na chini. Thunderbirds, ile ya vikaragosi ya miaka ya 1965 na 1966, iliwahi kutolewa kwenye Blu-ray ikiwa imekatwa hivyo. Babylon 5 ina kisa cha ajabu zaidi: matukio ya waigizaji yalipigwa kwa matarajio ya runinga pana, huku madoido ya kompyuta yakitengenezwa kwa 4:3, na DVD zilipotolewa kwa picha pana, kila chombo cha anga kilipotokea picha ilikatwa na kukuzwa hata ikafifia ghafla katikati ya tukio. Toleo la Blu-ray la 2023 lilirudi kwenye 4:3. Ukitaka kujua kama picha imekatwa, simamisha fremu ileile kwenye toleo la zamani na jipya, kisha ulinganishe utosi, kidevu na maandishi ya majina ya waigizaji. Pima pia pande zote nne, kwani mara nyingine toleo jipya hukata juu lakini likafichua kidogo kushoto na kulia.

Kuhusu madoido, mweleze msomaji bila kuficha kama yamebadilishwa. Star Trek ilipokarabatiwa kuanzia 2006 iliwekewa vyombo na sayari za kompyuta, na Blu-ray zake za 2009 zikampa mtazamaji uhuru wa kuchagua kati ya hizo na za asili. Huo ndio uungwana unaotakiwa, na toleo linalotoa madoido mapya peke yake mimi hulipunguzia alama hata yakiwa mazuri. Kinyume chake, usiilaumu diski kwa sababu nyuzi za vikaragosi zinaonekana au ncha za masikio ya Spock, mhusika wa Star Trek, zinaonyesha mahali zilipobandikwa. Vitu hivyo vilikuwepo tangu mwanzo. Zamani runinga ndizo zilizotufichia.

Kuna suala la muda ambalo huzua mashtaka ya uongo. Kwenye DVD za PAL, mfumo wa runinga uliotumiwa sehemu kubwa ya Ulaya, filamu ya fremu 24 kwa sekunde huchezwa kwa 25, hivyo kipindi cha dakika 50 humalizika katika dakika 48 na sauti hupanda kidogo. Hakuna kilichokatwa. Lakini kipindi kikipungua dakika nne au tano, shuku kwamba nakala iliyotumika ni ile iliyopunguzwa kwa marudio ili kupisha matangazo ya biashara, na utafute tukio lililokosekana kabla ya kuandika neno.

Sauti usiipite haraka. Sikiliza kama mkondo wa sauti wa asili wa mono, yaani wa njia moja, umewekwa pamoja na mchanganyiko mpya wa spika sita, kwa kuwa mchanganyiko mpya mara nyingine huongeza milio ambayo haikuwepo. Sikiliza pia muziki: DVD za msimu wa pili wa Quantum Leap zilitoka nyimbo zikiwa zimebadilishwa kwa sababu ya haki za matumizi, na tukio lililojengwa juu ya wimbo halibaki lilelile wimbo ukiondolewa.

Mpangilio wa vipindi utajwe pale unapobadilisha maana. Firefly ilirushwa mwaka 2002 kwa mpangilio uliovurugika, tena vipindi 11 tu kati ya 14, na DVD ndizo zilizoiweka sawa. Kuhusu kasha, vitabu na ziada nyinginezo, sentensi mbili tatu zinatosha, isipokuwa diski zikiwa zimebanwa hata zinakwaruzika zinapochomolewa.

Huna haja ya kutazama vipindi vyote mia na kitu, ila useme ulitazama vingapi. Mimi huchukua cha kwanza na cha mwisho cha kila msimu, kile kinachosifika kwa madoido, na kimoja kisichopendwa na yeyote, kwa kuwa hapo ndipo uzembe hujificha. Kisha huingiza kila diski iliyobaki na kuruka sura kwa sura, nikihakikisha hakuna panapokwama.

Unapoandika, weka hukumu mwanzoni na uielekeze kwa watu wawili: mwenye toleo la zamani, na asiye nalo kabisa. Majibu yao hutofautiana mara nyingi, na mmoja anaweza kuambiwa anunue ilhali mwingine anaambiwa asubiri bei ishuke. Mwishoni taja mwaka wa toleo, nchi lilikotolewa, eneo la dunia ambalo diski imeruhusiwa kuchezwa (region) na nambari iliyo mgongoni mwa kasha, kwa kuwa wachapishaji wengine husahihisha kosa kimyakimya na kutoa diski mpya ndani ya kasha lilelile, na msomaji atakayekuja baada ya miaka mitatu atahitaji kujua ni ipi kati ya hizo uliyoishika mkononi.