Jinsi ya Kuandika Kitabu cha Kupanda Mlima Ukiwa Goma

Mkaazi wa Goma anayetaka kuandika kitabu kuhusu kupanda Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji huo, hana budi kuamua kwanza atasema nini ambacho mgeni hawezi kukisema. Kufika ukingoni mwa kasoko, mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, si habari tena, na mlima huu umeandikwa sana na watu wa mbali tangu mtaalamu wa volkano Haroun Tazieff alipoliona ziwa la lava mwaka 1948. Wewe una kitu kingine: unapanda mlima ambao lava yake ilipita katikati ya mji wako mwaka 2002 na kuingia Ziwa Kivu, kisha ikashuka tena kuelekea mjini usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Anzia hapo, wala usijisumbue na sura ndefu ya kueleza volkano ni nini.

Kazi yenyewe hufanyika njiani. Beba daftari dogo lenye jalada gumu, pamoja na penseli mbili, kwa maana wino husita kwenye baridi na karatasi iliyolowa huukataa. Kila mnapopumzika baada ya kuondoka Kibati, njia ya kupanda inapoanzia, andika saa, hali ya hewa, maneno yaliyosemwa na jambo moja uliloliona kwa macho yako, kwa mfano: “Saa nane na dakika arobaini. Mvua imekata. Mpagazi wa mbele ametua gunia la makaa, amevua buti la plastiki, anakung’uta changarawe.” Mistari hiyo mitatu, kwa maoni yangu, inashinda kurasa nzima za “mandhari ya kuvutia”, ambayo kila msomaji ameshachoka nayo. Usiku mkiwa juu, hata kama vidole vimekufa ganzi, kamilisha maelezo ya siku kabla ya kulala, kwa sababu kumbukumbu ikishalala huamka imejipanga vizuri kuliko mambo yalivyotokea.

Umuhimu wa daftari unaonekana katika mkasa wa Annapurna, mlima wa Nepal wenye mita 8,091. Wapandaji Wafaransa Maurice Herzog na Louis Lachenal walifika kileleni tarehe 3 Juni 1950. Wakashuka wameungua kwa baridi, Lachenal akapoteza vidole vya miguu, Herzog vya miguu na mikono, hata kitabu chake akakitunga kwa kusema huku wengine wakiandika. Kwa miaka mingi dunia iliijua safari ile kwa sauti ya Herzog, aliyekuwa kiongozi wake. Lachenal alifariki mwaka 1955. Maandishi ya daftari zake yalitolewa mwaka uliofuata yakiwa yamepunguzwa, na toleo kamili halikupatikana hadi 1996. Humo anaonekana mtu aliyetaka kurudi nyuma kwa kuhofia miguu yake, ila akaendelea ili mwenzake asiende peke yake. Kwa hiyo, ukishaandika rasimu, mtafute kila mliyepanda naye, umsomee kwa Kiswahili sehemu inayomhusu, na pale mnapotofautiana uandike maelezo yote mawili. Mwulize pia kama anataka jina lake litajwe. Katika mji wetu mtu anaweza kuwa na sababu nzito za kukataa, na huna haki ya kumdai azieleze.

Kuhusu riziki, usitegemee mauzo ya kitabu. Edward Whymper, aliyefika kileleni Matterhorn mwaka 1865, alikuwa mchongaji wa picha za vitabu, na ni kazi hiyo iliyompeleka milima ya Alps, Ulaya, mara ya kwanza. Nawe endelea na ualimu, upigaji picha au kuongoza wageni, na mlima unapofungwa tumia muda huo kuwahoji wapagazi wa zamani.

Kabla ya kwenda kwa mchapaji, tafuta wasomaji wawili: mmoja aliyewahi kupanda, akague njia, saa na majina ya mahali, mwingine ambaye hajawahi kukanyaga Kibati, akuonyeshe anapopotea. Chapa nakala chache kwanza, kwa kuwa makosa yaliyobaki utaonyeshwa na wapagazi wenyewe, nao hawatachelewa.