Somo: Hofu ya maiti, jeneza na makaburi, namna ya kuitibu

Naandika mara moja maana kila ukitokea msiba naulizwa kilekile. Kuogopa kidogo ni kawaida. Hapa naongelea yule akiona jeneza moyo mbio, jasho, pumzi inabana, anakwepa mpaka misiba ya ndugu, na imepita miezi 6.

1. Tofautisha: kuogopa maiti na kuogopa kufa kwako mwenyewe si kitu kimoja. Hapa ni maiti.

2. Panga ngazi za hofu yako 0 mpaka 10, 10 ndo hofu kubwa kabisa. Picha ya jeneza 3, kusimama kwa fundi majeneza 5, makaburini mchana 7, kuaga mwili 10.

3. Anza chini, rudia karibu kila siku.

4. HAPA NDO WENGI WANAHARIBU. Usiondoke hofu ikiwa juu. Uko kwa fundi, harufu ya vanishi imekupiga, unaona kile kitambaa cheupe cha ndani kinavyopigiliwa, miguu inataka kukimbia, we kaa, hofu inapanda halafu inashuka yenyewe. Ukikimbia unapata nafuu, na ubongo unashika kwamba kilichokuokoa ni kukimbia, kesho inarudi na nguvu. Kufumba macho au kujificha kwenye simu nako ni kukimbia. Na usikubali kusukumwa kwenye jeneza ghafla eti utazoea!

5. Ukishindwa nenda hospitali. Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma, si ya vichaa tu jamani, hofu nayo ni ugonjwa unaotibika.

MASWALI

— Mkuu nipe dawa ya fasta, kesho nina msiba Chamwino

Soma namba 4. Vidonge vya kutuliza usimeze bila daktari, vinakutuliza siku hiyo tu. Kesho kaa nje na waombolezaji, kuaga si lazima.

— Nikikaa halafu isishuke je?

Swali zuri sana dada. Kabla hujaenda andika unachodhani kitatokea, mfano "nitazimia". Ukirudi soma ulichoandika. Hata kama ilishuka kidogo tu, umeona hukuzimia, hilo ndo somo lenyewe. Kesho rudi palepale.

— Mwanangu ana miaka 6, tangu babu yake azikwe hataki kulala

Aliambiwa babu amelala?

— Ndiyo

Basi huenda anaogopa na yeye akilala atazikwa. Mwambie wazi babu amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hasikii baridi wala maumivu. Atauliza tena na tena, mjibu vilevile.

— Mi kilichonisaidia ni kuomba kazi msibani, nilianza jikoni kuosha sufuria, msiba mwingine nikashika daftari la rambirambi pale mlangoni

Safi sana, hizo nazo ni ngazi. Wengine igeni hiyo.