Kumfunza mjukuu kuvua kwa mshipi, Lamu

Kuwinda swala kumepigwa marufuku Kenya tangu 1977, kwa hiyo babu anayetaka kumfunza mjukuu mawindo amebakiwa na bahari. Na bahari inatosha.

1. Chagua maji
Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwache nyumbani. Mkondo baina ya Lamu na Manda unaburuta chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi), na mtoto hatambui kama ni samaki au ni maji. Ngojeni maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kama tarehe 8 au 22 ya mwezi wa Kiislamu, mfike nusu saa kabla maji hayajasimama. Wakati wa upepo wa kusi msitoke nje ya kijiji cha Shela.

2. Jaketi la kuokolea
Mfunge, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa.

3. Vifaa
Mita 40 za nailoni ya milimita 0.6 (ndiyo mshipi wenyewe), ndoana namba 10 (namba ikipanda, ndoana inapungua), na chambo cha ngisi, ukubwa wa kidole cha mwisho cha mtoto. Kamba ni mtamu kwa samaki, lakini huibwa mara moja, ngisi hung'ang'ania. Chubwi ifunge chini kabisa kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. Ikinasa mwambani, unakatika uzi, ndoana inarudi. Kila fundo lilowanishe mate kabla ya kulikaza. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto na kudhoofika.

4. Mshipi usisokoteke
Hapa ndipo asubuhi nzima hupotea. Nailoni mpya hukumbuka duru za kibao ilichotoka, basi usiku wa kabla iloweke, kisha ivute baina ya minazi miwili. Wakati wa kuukunja, zungusha kibao, si mkono. Mtoto akiuzungushia kwa mkono, halafu ukatolewa kwa kubingirisha kibao, kila duru huacha msokoto mmoja. Duru hamsini ni misokoto hamsini, na mshipi ukilegea tu unajifunga wenyewe. Chupa ya kukunjia mshipi siipendi kabisa kwa mtoto: inateleza ikilowa, na huanguka majini.

Mkiwa mtumbwini, tumieni beseni pana lenye maji kidogo. Mshipi unaovutwa uanguke humo wenyewe, usipangwe wala usikorogwe. Wa mwisho kuingia ndio wa kwanza kutoka. Asiweke humo samaki, kisu, wala mguu. Ukisokoteka, mzuie asivute. Panua vitanzi kutoka katikati, ukiacha ncha zote mbili zimelegea. Dakika kumi zikipita, kata. Mshipi wa pili uwe tayari, kwa sababu samaki hawangoji na mtoto ndiyo kabisa.

5. Kuhisi
Mshipi ulale juu ya kidole cha shahada, usizungushwe kidoleni kamwe. Mdono wa kwanza ni wa kuonja. Ukivutwa kwa uzito, anyanyue mkono hadi begani, asirudi nyuma.

6. Kutoa ndoana
Changu mwachie atoe mwenyewe kwa koleo. Tafi na hongwe ni wako, miiba yao ina sumu. Akichomwa, loweka mkono kwa maji ya moto anayoyavumilia (yajaribu kwa mkono wako kwanza) kwa nusu saa au zaidi, kisha mpeleke hospitali. Bunju hujijaza maji au hewa na kufura, na mtoto atamtaka kama mpira: mrudisheni, haliwi, ana sumu.

Mkifika, ndoana zioshwe kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) na zipakwe mafuta kidogo.