Somo: Kompresa ndogo, upepo wa kutosha. Anza kwa kupima mashine yako

Wadau wenye karakana za nyumbani, swali linalojirudia ni hili: "Kompresa yangu ina tangi la lita 50, mbona nikipuliza rangi upepo unakata?" Unakata kwa sababu wakati wa kununua uliangalia tangi. Tangi linatunza upepo tu, anayeutengeneza ni pampu.

Hatua ya 1: Pima. Namba ya "L/min" (lita kwa dakika) iliyo kwenye kibandiko mara nyingi ni hewa ambayo pistoni inaivuta, siyo upepo unaotoka ukiwa na presha. Kwa pampu za bei nafuu, kinachofika ni kama thuluthi mbili ya namba hiyo. Chukua simu, fungua saa ya sekunde. Toa upepo mpaka geji ishuke chini ya bar 4 (bar ni kipimo cha presha), funga matoleo yote, kisha washa. Mshale ukigusa 4 anza kuhesabu, ukigusa 6 simamisha. Zidisha lita za tangi kwa 2, gawanya kwa sekunde ulizopata, zidisha kwa 60. Tangi la lita 50 likichukua sekunde 45, una lita 133 kwa dakika. Ya dukani isahau.

Hatua ya 2: Linganisha na kifaa. Bunduki ya misumari na kujaza matairi havisumbui. Spana ya upepo inakula upepo mwingi, ila inakula kwa sekunde chache halafu inapumzika, hapo tangi linakuokoa. Wanaotesa ni msasa wa upepo na bunduki ya rangi ya HVLP (inayotumia upepo mwingi kwa presha ndogo). Nyingi zinataka lita 230 hadi 400 kwa dakika, mfululizo.

Tuchukue bunduki ya lita 280 kwenye mashine yetu ya 133. Tangi limejaa bar 8. Kutoka 8 hadi 6 motor bado imezima, unatumia lita 100 kwa sekunde 21 hivi. Motor inawaka, lakini una upungufu wa lita 147 kila dakika, kwa hiyo kutoka 6 hadi 4 ni sekunde 40 nyingine. Jumla dakika moja. Mlango wa kabati haujafika nusu na rangi imeanza kutoka matone matone. Kwa mashine ya namna hii nunua bunduki ndogo ya nozo (tundu la kutolea rangi) ya milimita 0.8 au 1.0, na ukubali kwenda polepole. Ni bei rahisi kuliko kompresa mpya.

Hatua ya 3: Zuia kupoteza. Paka povu la sabuni kila kiungio. Safisha chujio la hewa. Kwa mafundi seremala huwa limejaa vumbi la mbao na pampu inavuta kwa taabu. Mpira wa upepo wenye tundu la milimita 6 unakaba, weka wa milimita 10, usiwe mrefu bila sababu.

Hatua ya 4: Umeme. Chomeka ukutani moja kwa moja. Kama lazima urefushe, refusha mpira wa upepo badala ya waya. Ekstensheni nyembamba inashusha volti, motor inanguruma bila kuzunguka, kapasita (kifaa kinachoisaidia motor kuanza kuzunguka) inaungua.

Hatua ya 5: Unganisha mbili. Kompresa mbili ndogo zikiungwa kwa tii (kiungio chenye umbo la T), upepo wake unajumlishwa. Chukua upepo kwenye tundu linalotoka tangini moja kwa moja, kabla ya regyuleta (kifaa cha kupunguza presha), kisha weka regyuleta moja mbele ya tii. Kila mashine ibaki na swichi yake ya presha na vali yake ya usalama, na kila moja iwe na laini yake ya umeme. Washa moja, ikishika kasi ndipo uwashe ya pili. Bomba la PVC la maji usiliguse kabisa kwa kazi hii: likipasuka linaruka vipande vikali. Mtungi wa gesi ya kupikia vivyo hivyo, siyo tangi la kompresa.

Kwa wa Tanga, Dar, Mombasa na Unguja: hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 inaacha tangini karibu gramu 20 za maji kwa kila lita 1,000 unazokandamiza. Fungua koki ya chini kila jioni. Maji hayo ndiyo yanayoharibu rangi, na ndiyo yanayolila tangi kwa ndani.

MASWALI

*Mkuu, somo limeeleweka. Nikipandisha swichi ya presha kutoka bar 8 hadi 10 si nitapata upepo zaidi?*
Utapata akiba kidogo, lakini pampu itatoa pungufu kwa sababu inasukuma mzigo mzito. Na tangi limepimwa kwa presha iliyoandikwa ubavuni. Usiiguse swichi.

*Vipi kompresa ya friji? Haina kelele.*
Kwa kujaza tairi la baiskeli au kupuliza vumbi, sawa. Upepo wake ni mdogo sana, na inatema oili. Ukitaka kupaka rangi nayo, weka chujio la oili.

*Niko Nairobi, kipimo changu kimetoka chini ya cha rafiki yangu wa Mombasa, mashine ni zilezile.*
Ni kawaida kaka. Nairobi iko juu karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa kama moja ya tano. Pistoni inavuta ujazo uleule, lakini ndani yake kuna hewa kidogo.

*Yangu ikizima haiwaki tena mpaka nitoe upepo wote. Motor mbovu?*
Kabla hujalaumu motor, sikiliza inapozima. Lazima usikie "pssss" fupi kwenye swichi, ni upepo wa kichwani mwa pampu unaachiwa. Usiposikia, kivali kidogo cha kwenye swichi kimeziba. Ukisikia na ikaendelea bila kukoma, ni vali ya kuzuia kurudi iliyo tangini imeshika uchafu. Toa upepo wote, chomoa umeme, ifungue uisafishe.