Namna ya Kukitembea Kisiwa cha Mvita kwa Utulivu

Mtu anaweza kusema amekaa Mombasa wiki nzima ilhali hakulala hata usiku mmoja kwenye kisiwa chenyewe, Mvita. Hoteli za ufuoni za Nyali, Bamburi na Shanzu ziko bara, upande wa kaskazini. Zile za Diani ziko kusini, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Na hata kituo cha treni cha Miritini na uwanja wa ndege viko nje ya kisiwa. Ndiyo maana wageni wengi hukipita kisiwa wakiwa garini, wakavuka Daraja la Nyali, kisha wakarejeshwa siku moja tu kuiangalia Ngome ya Yesu. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kushuka garini na kukitembea kisiwa chenyewe, ambacho eneo lake ni kilomita za mraba 14 hivi, bila kuwaudhi wanaokiishi.

Kabla ya kupanga njia, panga maji. Siku za bamvua, yaani mara tu baada ya mwezi kuandama na mara tu baada ya mwezi mpevu, maji hupwa sana kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kabisa kiasi cha saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na alasiri. Kila siku inayofuata nyakati hizo huchelewa kwa karibu dakika 50, hata baada ya juma moja, wakati wa maji mafu, asubuhi ndiyo inayokuwa na maji mengi, ingawa tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Anayelijua hili hatafika Tudor, kwenye mkono wa bahari ulio kaskazini-magharibi mwa kisiwa, akakuta matope matupu mahali alipotazamia maji yaliyotulia chini ya mikoko, wala hatafika Ras Serani mawimbi yakiwa yameufunika mwamba aliotaka kuutazama. Kuhusu majira, epuka masika ya Aprili na Mei. Kwa mwendo wa miguu mimi huchagua Julai na Agosti, wakati upepo wa kusi unapoipunguza joto.

Mavazi ni jambo fupi: funika mabega na magoti. Mwanamke asiye na nguo ya kujitanda apite kwanza Biashara Street anunue jozi ya leso, na asiione haya kumwomba muuzaji amsomee jina, yaani msemo ulioandikwa kwenye leso, kwa sababu si kila jina linafaa kuvaliwa mbele ya watu usiowajua.

Mji wa Kale uingie mapema, baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu. Magari ya watalii huwa hayajafika, na wakati huo ndipo mahamri yanapoepuliwa na mbaazi za nazi zikiwa bado moto. Usianzie ngomeni. Anzia Kibokoni, uteremke taratibu hadi Ndia Kuu, ukiinua macho kuzitazama roshani za mbao na kuyashusha kuitazama milango ya nakshi, mpaka uufikie Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa yapata mwaka 1570, mkongwe kuliko Ngome yenyewe ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ukishuka zaidi utaikuta Bandari ya Kale, ambako majahazi yaliyoletwa na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi yaliungoja upepo wa kusi uyarudishe kwao. Usipige picha bandarini bila ruhusa, na usimpige picha mtu yeyote kabla hajakubali.

Hapa pana adabu moja ambayo wageni wengi huivunja bila kujua. Baraza la mawe lililo nje ya nyumba linaonekana kama kiti cha umma, lakini ni sehemu ya nyumba hiyo, na mwenye nyumba hupokelea hapo wageni wasioingia ndani. Usiketi kabla ya kusalimu. "Sabalkheri" asubuhi au "masalkheri" jioni inatosha kwa rika lako. Kwa mzee, mwanamume au mwanamke, sema "shikamoo" na usubiri "marahaba" kabla ya kuuliza njia. Nimeona mara nyingi vichochoro vilevile vikimfungukia mtu mmoja na kumfungia mwenzake kwa tofauti ya salamu tu. Ijumaa kuanzia saa sita mchana uwaachie watu njia zao za msikitini, na katika mwezi wa Ramadhani usile wala usinywe hadharani mchana.

Jua likipanda, chukua tuktuk uende Mbaraki. Karibu na maji ya Kilindini kuna mnara wa mawe ya matumbawe, ulio wazi ndani, umesimama kando ya msikiti mdogo, na watu wamezoea kuleta hapo ubani na marashi kwa nadhiri zao. Wageni ni wachache sana. Ukimkuta mtu katika dua, rudi nyuma ungoje amalize, hata ikiwa nusu saa.

Ras Serani, kwenye barabara ya Mama Ngina, hujaa watu Jumapili jioni, nami sina kinyongo na hilo, kwa kuwa ni bustani ya mji mzima. Anayetaka kimya aende asubuhi ya siku ya kazi, siku za bamvua, maji yakiwa yamepwa. Atakaa chini ya mibuyu mikubwa ambayo imeuona mji ukikua, na atazitazama meli za makontena zikipita karibu sana na nchi kavu kuelekea Kilindini, jina linalotokana na kilindi, maji ya kina kirefu. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu hupatikana zaidi alasiri.

Tudor nenda maji yakiwa yamejaa, pamoja na mwenyeji, na uondoke kabla ya magharibi.

Usiku unapoingia, rudi Mji wa Kale ulitafute dele la shaba juu ya makaa. Chukua kahawa chungu na kipande cha kashata, uketi pale utakapoonyeshwa, na uwaache wazee waendelee na mazungumzo yao mpaka wao wenyewe wakuulize umetoka wapi. Malipo hutolewa unapoinuka, kwa hesabu ya vikombe ulivyokunywa.