Kuchagua Mpango wa Bima ya Afya Kazini na Mahali pa Kutibiwa

Fomu ya bima ya afya humfikia mfanyakazi akiwa na mambo mengine mengi, aghalabu wiki ya kwanza ya ajira au siku chache kabla ya mwaka wa bima kuanza upya, na kwa haraka hiyo wengi hutazama safu moja tu: kiasi kitakachokatwa kwenye mshahara. Safu hiyo husomeka kwa urahisi kuliko nyingine, lakini ndiyo inayoeleza machache zaidi. Swali linalofaa kuulizwa mbele ya fomu ni hili: siku nitakapougua mimi au mtoto wangu, nitaingia kituo gani, na nitakuwa nimetoa kiasi gani mfukoni kabla ya kutoka?

Maneno yanayobeba fedha

Mchango ni kile kinacholipwa kila mwezi, uugue usiugue. Katika bima ya kazini mchango huo kwa kawaida hugawanywa kati ya mwajiri na mfanyakazi, utaratibu ambao si mgeni: sheria ya bima ya wagonjwa iliyopitishwa Ujerumani mwaka 1883 iliwataka wafanyakazi walipe theluthi mbili na waajiri theluthi moja. Muulize afisa rasilimali watu mgao wa kwenu ukoje kwa kila mpango, na hasa kwa wategemezi, kwa sababu si ajabu mwajiri akabeba sehemu kubwa ya mchango wa mfanyakazi mwenyewe kisha akamwachia karibu mzigo wote wa mwenzi na watoto.

Baada ya mchango huja kiasi cha kujilipia kwanza, yaani fedha za matibabu ambazo ni lazima uzimalize wewe mwenyewe ndani ya mwaka kabla bima haijaanza kulipa. Kisha kuna uchangiaji, ambao ni sehemu unayoendelea kulipa hata baada ya bima kuanza kufanya kazi. Uchangiaji unaweza kuwa kiasi maalumu kwa kila ziara, au asilimia ya gharama. Aina hizi mbili zisichukuliwe kuwa sawa. Kiasi maalumu unakijua kabla hujatoka nyumbani, ilhali asilimia huijui mpaka ankara itoke, na asilimia 20 ya upasuaji ni jambo jingine kabisa na asilimia 20 ya kipimo cha damu.

Neno linalowapotosha watu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ukomo. Katika mipango mingine ukomo ni wa mafao: bima italipa hadi kiasi fulani kwa mwaka, na kikipita hapo kila kinachozidi ni chako. Katika mipango mingine ukomo ni wa malipo yako: wewe utalipa hadi kiasi fulani, na kikipita hapo bima hubeba gharama zote zinazostahili. Neno ni moja, lakini ukomo wa kwanza unamlinda mlipaji, yaani kampuni ya bima, na wa pili unakulinda wewe. Ukiona neno hilo kwenye kijitabu cha mpango, usiendelee kusoma kabla hujajua linamzungumzia nani. Angalia pia kama ndani ya ukomo mkuu kuna ukomo mdogo wa meno, macho, uzazi, afya ya akili au huduma za wagonjwa wa nje, kwa kuwa mpango unaotaja kiasi kikubwa cha kulazwa unaweza kuwa na kiasi kidogo mno cha huduma ambazo familia yako huzitumia kila mwezi.

Hesabu ya miaka mitatu

Chukua karatasi upige hesabu ya mwaka wa afya njema, mwaka wa kawaida na mwaka mbaya. Nitatumia namba za mfano tu, bila kujali sarafu. Tuseme mpango wa kwanza unakata 40 kwa mwezi, unakutaka ujilipie 1,500 za kwanza, kisha uchangie asilimia 20, na ukomo wa malipo yako kwa mwaka ni 3,000 bila kuhesabu makato ya mshahara. Mpango wa pili unakata 100 kwa mwezi, unakutaka ujilipie 300 za kwanza, kisha uchangie asilimia 10, na ukomo wako ni 1,200.

Mwaka ambao matibabu yako yote yamegharimu 200, mpango wa kwanza utakutoa 680 kwa jumla, yaani makato ya miezi 12 pamoja na malipo yako ya matibabu, na wa pili 1,400, na hapo mwenye mpango wa bei nafuu ana haki ya kutabasamu. Gharama za matibabu zikifika 1,100, mipango yote miwili inalingana: kila mmoja utakuwa umekutoa 1,580. Zikifika 2,500, wa kwanza unakutoa 2,180 na wa pili 1,720. Mwaka mbaya, wenye upasuaji na kulazwa kwa gharama ya 20,000, wa kwanza unaishia 3,480 na wa pili 2,400. Namba inayostahili kutafutwa katika mipango yako halisi ni ile ya katikati, pale mizani inapogeuka. Ukiipata, jiulize kama mwaka uliopita ulikuwa juu yake au chini yake, na kama mwaka ujao una jambo unalolijua tayari, kama vile ujauzito, upasuaji ulioahirishwa au dawa za kila siku.

Kuna jambo moja ambalo hesabu hii hailionyeshi. Shirika la utafiti la RAND liliendesha utafiti mkubwa nchini Marekani kati ya 1974 na 1982, ambapo familia ziligawanywa kwa bahati nasibu katika mipango yenye viwango tofauti vya uchangiaji. Waliotakiwa kuchangia zaidi walitumia huduma kidogo zaidi, lakini hawakupunguza tu zile zisizo na faida: walipunguza pia zile walizozihitaji. Kwa hiyo jipime kwa ukweli. Ikiwa unajua kwamba ile 1,500 ya kwanza itakufanya uvumilie maumivu kwa wiki tatu ukisubiri yapoe yenyewe, mpango huo si wa nafuu kwako, hata kama karatasi inasema hivyo. Ukiuchagua, basi tenga akiba inayolingana na kiasi cha kujilipia kwanza, na usiiguse kwa jambo jingine.

Masharti yanayosomwa kwa kuchelewa

Kabla ya kutia saini, tafuta mahali palipoandikwa muda wa kusubiri. Baadhi ya mipango hailipii uzazi, upasuaji usio wa dharura au magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga mpaka miezi kadhaa ipite, na anayejiunga akiwa tayari mjamzito anaweza kukuta mlango umefungwa. Eleza magonjwa yako kwa ukweli kwenye fomu, maana kuficha shinikizo la damu au kisukari humpa mlipaji sababu ya kukataa dai baadaye, tena wakati usio na nafasi ya kubishana.

Mwenye ugonjwa wa kudumu na aanze na orodha ya dawa zinazolipiwa. Akikuta dawa yake haimo, amuulize daktari kama ipo dawa jeneriki, yaani ile ya jina jingine yenye kiambata kilekile kinachotibu, kwa sababu mara nyingi hiyo ndiyo inayolipiwa. Wategemezi nao wana masharti yao: umri wa mwisho wa mtoto, vyeti vinavyotakiwa, na siku chache za kumwandikisha mtoto aliyezaliwa au mwenzi mliyefunga naye ndoa. Siku hizo zikipita, mara nyingi mtasubiri hadi dirisha la kujiandikisha la mwaka unaofuata. Ikiwa wewe na mwenzi wako nyote mna bima kazini, ulizeni ni ipi hulipa kwanza na kama ya pili hufidia kilichobaki. Wapo wanandoa wanaolipa makato mara mbili kwa miaka bila kunufaika na ya pili hata siku moja.

Kituo kipi, kwa tatizo lipi

Kila mpango una vituo vilivyoingia nao mkataba, na nje ya hivyo utalipa zaidi au utalipa chote. Orodha ya vituo hupitwa na wakati, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Piga simu kituoni. Wala usiulize kama wanapokea bima ya kampuni fulani, kwa sababu jibu litakuwa ndiyo na halitakusaidia. Taja jina la mpango wako kama lilivyoandikwa kwenye kadi, kisha uliza kama wana mkataba na mpango huo hasa, na kama daktari unayemtaka, maabara na huduma ya picha vimo pia. Mimi mwenyewe nilijifunza hilo baada ya kupimwa katika jengo lililokuwa na mkataba, na sampuli kupelekwa maabara isiyokuwa nao. Ankara ya maabara ilinifikia mwezi mmoja baadaye, wakati nimeshausahau hata ugonjwa wenyewe. Kwa upasuaji uliopangwa, uliza pia kuhusu mtaalamu wa dawa ya usingizi, kwa sababu mgonjwa hamchagui na huenda akatoza ankara yake peke yake.

Kwa mafua, vipele, ufuatiliaji wa shinikizo la damu, chanjo na maumivu yasiyo makali, kituo cha kwanza kinachofaa ni kliniki au kituo cha afya kilicho karibu, hasa chenye daktari anayekufahamu. Si suala la gharama pekee. Daktari mwenye kumbukumbu zako za miaka mitatu ataona kwamba uzito umepungua au sukari inapanda, jambo ambalo bingwa anayekuona mara ya kwanza hawezi kulijua. Zaidi ya hayo, mipango mingi haimlipii daktari bingwa bila barua ya rufaa kutoka ngazi ya chini, na anayeruka ngazi hiyo hujikuta akilipa mwenyewe. Huduma ya kuonana na daktari kwa simu au video, ikiwa mpango wako unayo, inafaa kwa maswali mepesi na kurudia dawa, ila haifai pale mwili unapohitaji kuguswa au kupimwa.

Dharura ina kanuni nyingine. Uso ulioshuka upande mmoja, mkono uliolegea ghafla au maneno yasiyoeleweka ni dalili za kiharusi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kichwa kupigwa picha ya CT skani. Maumivu yanayobana kifuani pamoja na jasho au kukosa pumzi, damu isiyokatika, degedege, kupoteza fahamu, na homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi 3 navyo havisubiri. Katika hali hizi nenda hospitali iliyo karibu yenye uwezo wa kukuhudumia, iwe na mkataba au isiwe nao, kisha ndugu au mwenzako aitaarifu bima ndani ya muda uliowekwa na mpango, ambao mara nyingi ni saa 24 au 48. Lililo muhimu ni kujua leo, ukiwa mzima, ni hospitali ipi iliyo karibu nawe inayopokea dharura usiku na yenye mashine ya CT skani. Iandike pamoja na namba ya bima, na karatasi hiyo ikae mahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua.

Kwa vipimo vya gharama kubwa, upasuaji na kulazwa kusiko kwa dharura, kinachotakiwa kwa kawaida ni kibali cha awali, yaani idhini ya bima kabla ya huduma kutolewa. Hospitali ndiyo inayokiomba kwa kawaida, lakini usichukulie kwamba imekiomba. Uliza namba ya kibali kabla ya siku ya huduma na uiandike, pamoja na tarehe na jina la aliyekupa.

Dai likikataliwa

Kukataliwa si mwisho. Omba sababu kwa maandishi, kwa kuwa sababu ndiyo inayoamua hatua inayofuata: msimbo wa ugonjwa ulioandikwa vibaya hurekebishwa na hospitali kwa siku chache, wakati hoja kwamba matibabu hayakuwa ya lazima inahitaji barua ya daktari inayoeleza kwa nini yalihitajika na ni matibabu gani yaliyojaribiwa kabla yake. Peleka rufani yako kabla ya tarehe ya mwisho iliyotajwa kwenye barua, na ubaki na nakala ya kila karatasi. Ikiwa mlipaji atashikilia msimamo wake, uliza ni chombo gani kinachosimamia bima mahali ulipo na utaratibu wake wa malalamiko.

Unapoacha kazi, bima haifi siku moja kila mahali: kwingine hukoma siku ya mwisho ya ajira, kwingine mwishoni mwa mwezi, na kwingine unaruhusiwa kuendelea kwa muda ukilipa mchango wote mwenyewe. Pata tarehe hiyo kwa maandishi kabla ya kukabidhi ofisi, chukua dawa zako za miezi iliyoruhusiwa, kamilisha vipimo vilivyokwisha kupata kibali, na uombe nakala ya kumbukumbu zako za matibabu ili daktari wa kituo kipya azikute.